Kabla Shida Haijapiga Hodi

Tangu mtaala mpya wa elimu uanze kutumika Januari 2024, ubunifu unatajwa karibu katika kila kikao cha wazazi. Nilihudhuria kimoja hapa Masasi, katika shule wanayosoma wajukuu zangu. Mwalimu alitueleza kwa upole kwamba sasa watoto watafundishwa kufikiri na kutenda, si kukariri tu, akatuomba tusishangae wakirudi nyumbani wanaomba makopo, waya na vipande vya mbao. Mzee mmoja wa rika langu akasimama. Akasema sisi hatukufundishwa ubunifu na mtu yeyote, shida ndiyo iliyotufundisha. Basi waacheni na hawa waonje shida, watabuni wenyewe. Watu wakampigia makofi.

Mimi nilinyamaza, lakini maneno yale yalikaa nami muda mrefu. Shida alizozisema nazifahamu, maana tulizipitia wote: kuhamishwa, njaa, maduka matupu, mikorosho iliyougua. Nimejaribu kukumbuka ni nani kati yetu alitoka katika shida zile kwa akili yake, na alikuwa na nini ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Nilizaliwa juu, upande wa Newala, nusu saa kwa miguu kutoka kwenye ukingo ambapo nchi inakatika ghafla na kukuachia bonde la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo. Asiyepajua huko hudhani pana ukame. Mvua hunyesha. Tatizo ni udongo wa juu, mchanga unaoyanywa maji yote, kisha chemchemi zinatokeza chini kabisa, kwenye miteremko na mabondeni. Wanawake walikuwa wanaamka jogoo la kwanza, wanashuka na mitungi, jua likitoka wanapanda nayo kichwani.

Nilimwuliza bibi yangu mzaa mama kwa nini wazee walikuja kukaa mahali pasipo na maji. Alinijibu kwa hadithi ambayo Wamakonde wengi wanaijua. Hapo kale alitoka mtu porini, peke yake, hajawahi kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani, na usiku ikawa mwanamke. Wakateremka Ruvuma kuoga, mwanamke akajifungua huko, mtoto akatoka amekufa. Wakahama hadi bonde la Mbwemkuru, mtoto wa pili naye akafa. Wakarudi juu, Mahuta, wa tatu akaishi. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, alisimuliwa habari hiyohiyo na kuiandika. Nilipokuwa mtoto nilisikia ndani yake vifo tu. Sasa nasikia watu wawili waliojaribu mahali pamoja, pakashindikana, wakajaribu pengine, pakashindikana, wakajaribu tena.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Kwake udongo haukuwa kazi ya kuuza tu, alikuwa anauchezea. Nakumbuka shimo alilochimba chini ya upenu wa nyumba yake ya zamani, akalisiriba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, kisha akapasua mianzi na kuifunga chini ya makuti na nyasi ili maji ya mvua yateremkie shimoni. Mwaka wa kwanza maji yalizama yote. Akabadilisha udongo. Mwaka wa pili yakabaki kidogo, mekundu, ya kufulia na kunyweshea mbuzi. Hakuna aliyemlazimisha. Wakati huo alikuwa na nguvu za kushuka bondeni na binti zake walikuwa wanampelekea maji.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto nchi nzima. Tukahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Mabomba yaliyokuwa yakisukuma maji kutoka mabondeni hayakutufikia, na pale yalipofika yalikauka kila dizeli ilipokosekana. Familia nyingi zilibaki zinatazamana na mitungi mitupu, kwani njia ya maji waliyoizoea ilikuwa mbali, na ile mpya walikuwa hawajaijua. Bibi, ambaye sasa magoti yalikuwa yanamsumbua, hakupoteza muda. Alijua udongo upi unavuja na upi unashika. Kabla kifuku hakijachanganya, shimo lilikuwa tayari, na mvua za kwanza zilipopiga, nyumba yake ilikuwa na maji. Majirani wakaja kujifunza, akawaonyesha wote bila kuficha.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na msemo kwamba shida hufundisha. Kiu ilimkuta kila mtu pale kijijini kwa siku moja. Kilichomsaidia bibi ni majaribio ya miaka ya nyuma, aliyoyafanya kwa hiari, alipokuwa na nafasi ya kushindwa bila mtu kufa kwa kiu.

Miezi ya njaa nayo naikumbuka, Januari hadi Machi, mihindi bado mibichi na makopa ya muhogo yamekwisha ghalani. Ilifika miaka tuliyokula unga wa njano wa msaada, tukauita unga wa Yanga. Ulipochelewa, tulikwenda porini kuchimba ming'oko. Kijana wa leo akiiona imechemshwa inauzwa stendi, anaiona kitafunwa. Kwetu ilikuwa uhai. Lakini ming'oko haiokotwi. Lazima ujue jani lake, ujue ardhi gani ichimbwe kwa kina gani, na uache sehemu ya mzizi ili mwakani urudi. Kaka zangu waliolelewa shambani kwa mjomba walijua. Watoto wa jirani aliyewahi kufanya kazi mjini hawakujua, na njaa haikuwapa ujuzi huo. Walifuata nyuma yetu.

Jirani huyo ningependa nimkumbuke kwa heshima. Alikuwa fundi wa nyumba, mtu wa akili na mikono safi. Mwaka mmoja mbaya nilimwona anakaa barazani tangu asubuhi hadi jioni, zana zake ukutani. Watu walisema amekuwa mvivu. Nilipokuja kuwa mtu mzima nikaelewa kwamba alikuwa na njaa, na wanawe walikuwa na njaa, na kichwa cha mtu wa hali hiyo hakina nafasi ya wazo lolote zaidi ya mlo wa jioni. Kuna watu wengi namna hii ambao hawamo katika simulizi zetu za ushujaa, kwa sababu simulizi husimuliwa na waliovuka. Anayetaka mtoto aonje shida ili abuni amkumbuke fundi yule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilishuka Masasi kwa masomo ya sekondari, huku chini ya majabali. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, fedha za kigeni hakuna, sabuni kwa foleni, mafuta ya taa kwa foleni, daftari moja likikatwa mara mbili. Kusini tulikuwa na adha ya ziada: kifuku kikishika, barabara ya Dar es Salaam inafungwa, na pale Rufiji palikuwa na kivuko tu, Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye kabati na chupa tupu.

Tulikuwa na walimu wawili wa sayansi. Mmoja alisubiri vifaa. Simlaumu, maana alifundishwa kwamba sayansi hufika ndani ya sanduku. Wa pili alitenga alasiri ya Ijumaa na kuiita saa ya kujaribu. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mtu alete kitu ambacho kwao kinatupwa, tuulize kinaweza nini. Tukaleta maua ya choya. Akayachemsha, tukayatia ndimu yakawa mekundu ya kukolea, tukayatia maji ya majivu yakageuka rangi, na hivyo tukajifunza asidi na besi bila karatasi za kununua. Tukaleta majivu yenyewe. Tukayachuja, tukachemsha maji yake na mafuta ya mbarika, tukitafuta sabuni. Mara ya kwanza tulipata uji wenye harufu mbaya. Mwalimu akatuambia tuandike kilichotokea, kiasi gani cha hiki na kile, kisha Ijumaa ijayo tubadilishe kitu kimoja tu.

Kitu kimoja tu. Agizo hilo limenifaa maishani kuliko karibu yote niliyofundishwa. Mtu akiwa na dhiki hutaka kubadilisha kila kitu kwa mkupuo, kisha mambo yakienda vibaya hajui kosa liko wapi, na yakienda vizuri hajui ashukuru nini. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa na sabuni laini, nyeusi, iliyotoa povu. Tukaleta pia maganda ya korosho, ambayo mafuta yake hubabua ngozi. Tukapaka mafuta hayo miguu ya madawati iliyokuwa inaliwa na mchwa, na mchwa wakayakimbia. Wanafunzi wa mwalimu yule walitawanyika Tandahimba, Nachingwea na kwingineko. Ninaokutana nao hadi leo ni watu ambao ukiwapelekea tatizo hawaanzi kwa kulalamika, wanaanza kwa kukuuliza una nini mkononi.

Mwalimu yule alikuwa mnyenyekevu, mshahara wake haukutosha, na hakupata zawadi yoyote. Nchi hii imejengwa na watu wa aina yake.

Wakati ninasoma Masasi, kule nyumbani mikorosho ilikuwa inakufa, au tulidhani inakufa. Takwimu zake zinatisha hata leo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya karibu tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi na zilishikana: wakulima walihamishwa mbali na mashamba yao, mashamba yakageuka pori, moto ukapita, bei ikamkatisha mtu tamaa, kisha ukaja ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika maua na machipukizi hadi yananyauka. Wengi walikata miti wakachoma mkaa. Wengine walibaki na uraka wa mabibo machache yaliyopatikana, wakinywa asubuhi.

Baba hakuwa msomi. Alikuwa na tabia ya kutembea shambani bila jembe, anaangalia tu, na mama alimgombeza kwa hilo. Katika matembezi hayo aliona kwamba mikorosho iliyosongamana ndiyo inayochafuka zaidi, na kwamba ubwiri hupenda machipukizi yanayoota kivulini kwenye shina. Akafanya mambo mawili. Baadhi ya miti aliikata ili iliyobaki ipate mwanga, akapanda mihogo na kunde katikati yake. Na kila kiangazi kabla ya maua alizunguka akiyaondoa yale machipukizi ya kivulini. Korosho hazikurudi kama zamani, lakini tulivuna, na mihogo ilitulisha. Miaka kadhaa baadaye bwana shamba alipokuja na maelekezo ya watafiti wa Naliendele, kupunguza miti, kusafisha machipukizi, kupuliza salfa na kubebesha miti mizee vikonyo vya mbegu bora, baba alisikiliza kwa makini kisha akasema, "Mwanangu, mawili ninayo. Nifundishe hayo mawili mengine." Alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kukubali salfa, kwa kuwa jicho lake lilikwishazoea kuuliza.

Hapa niseme jambo linalosahauliwa. Uangalizi wa baba ulisogeza mambo kiasi, na ungekomea hapo. Ubwiri ulishindwa kwa salfa na kwa kazi ya Kituo cha Utafiti cha Naliendele, kazi ya miaka mingi ya wataalamu waliolipwa na taifa. Mtu mmoja mbunifu hatoshi kufufua zao la mkoa mzima. Tusiwasifu wakulima kwa werevu wao ili tupate kisingizio cha kutowapelekea utafiti, dawa na barabara.

Kinyume chake pia nilikiona. Nilipoanza ualimu nilipangiwa upande wa Nachingwea, mahali Waingereza walipoleta sehemu ya mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta, walijenga bandari Mtwara na reli ya kubebea mzigo. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa na kung'olewa. Wazee walinionyesha tuta lake, limeota nyasi. Mamilioni ya pauni yaliteketea kwa sababu walianza na jibu, wakatafuta ardhi ya kulibandika. Hakuna aliyekuja kwanza kujaribu kishamba kidogo na kungoja misimu michache. Basi nafasi na fedha pekee hazileti ubunifu. Lazima pawepo mtu anayekubali kuanza kidogo, akaangalia, akasahihisha.

Wachongaji wetu wananipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Dunia ilipoanza kununua vinyago vya Kimakonde, watu walidhani vijana wameona fedha wakabuni. Mjomba wangu alikuwa mchongaji, naye alianzia kwenye vinyago vya mapiko, vya kuchezewa ngoma wakati wa jando, ambavyo hakuna mtalii aliyevinunua. Ubunifu wa mapiko ulitoka katika ngoma, baina ya vijiji vilivyoshindana nani ataleta sura ambayo haijaonekana. Mkono ulizoea kuvumbua kwa furaha. Soko lilipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1950, mikono ya akina Samaki Likankoa, aliyefungua njia ya vinyago vya mashetani, ilikuwa imeiva zamani.

George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, husimuliwa kwamba alijifunza kuchonga kwa mizizi laini ya muhogo kabla hajagusa mpingo. Mzizi wa muhogo haugharimu kitu. Ukiuharibu, chukua mwingine. Miaka ya 1970 alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, alikokuwepo pia ndugu yake, mchongaji Augustino Malaba. Huko kipaji chake kikaonekana, akahamia pia katika kuchora, na mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaoneshwa Washington. Na jirani yetu wa Tunduru, Edward Said Tingatinga, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, vitu vya dukani vya bei rahisi, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaolisha familia hadi leo.

Shida za karibuni zaidi hazikunikuta peke yangu. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka hadi watu wakaziacha shambani. Mwaka uliofuata wakulima walikataa bei za korosho mnadani, Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo. Wengi walikaa miezi wakingoja malipo. Dada yangu mdogo na wenzake hapa Masasi walikuwa na kikundi kidogo cha kubangua korosho. Kilianza kama mazungumzo ya jioni, misimu ya bei nzuri, kila mmoja akileta kibaba chake. Wakaunguza nyingi, wakavunja nyingi, wakababuka vidole, lakini korosho zilizoharibika walikula wenyewe wakicheka. Mwaka ule wa kungoja, kikundi hicho ndicho kilicholipa ada za watoto wao, kwa pakiti walizouza stendi na kwa mabasi yaendayo Dar. Vikundi vingine viwili vilianzishwa mtaani humo baada ya shida kufika. Vyote viwili vilivunjika. Wanawake wake hawakuwa wajinga wala wavivu. Kila korosho iliyovunjika ilikuwa ada ya mtoto, na katika hali hiyo mtu hathubutu kujaribu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu wazazi wenzangu wa Masasi, Newala na Tandahimba. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba, na tunajua zinakokwenda: bati, pikipiki, sherehe za kuwatoa watoto jandoni na unyagoni. Sherehe zetu nazipenda na sisemi ziachwe. Nasema tu katika miezi hiyo ya neema, mtoto akiomba msumari, kopo la rangi, udongo au kipande cha shamba aharibu, apewe, na akishindwa asipigwe wala asichekwe, aulizwe atabadilisha nini mara ya pili. Walimu mnaofundisha mtaala mpya msingoje maboksi ya vifaa. Tengeni alasiri moja kwa wiki, mkianza na vitu vinavyotupwa majumbani. Kamati za shule zipange uji wa mchana kabla ya kupanga jambo lingine lolote, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hatabuni kitu. Tuanze msimu huu, bei zikiwa bado nzuri.